Maziwa ya manjano yananikatikia sufuriani, naombeni ushauri

SufuriaNyeusi (mwenye uzi)

Habari zenu wakuu. Natengeneza maziwa ya manjano ya kunywa usiku kabla ya kulala. Ninavyofanya: nabandika maziwa kikombe kimoja, yakipata uvuguvugu natia manjano ya unga kijiko cha chai, tangawizi mbichi niliyoikwaruza, mdalasini wa unga na asali. Nakoroga, nangoja yachemke, basi.

Siku nyingine yanakatika, mabonge huku na maji ya njano kule. Siku nyingine yanatoka safi kabisa, na sijabadilisha kitu chochote. Hapo ndipo akili yangu inapogoma.

Hata yakitoka salama, yana ladha ya vumbi, na chini ya kikombe linabaki tope.

Halafu wanywaji hapa nyumbani ni wengi. Mama mkwe anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Mtoto ana miezi 9 na kila akiona kikombe ananyoosha mkono. Nani anywe, nani asubiri?

Msinitumie video tafadhali, bando langu linajulikana.

MwikoMrefu

Mkuu, mchawi wako ni tangawizi mbichi. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, na kinachapa kazi hasa maziwa yakiwa ya moto ila hayajachemka, kwenye nyuzijoto 60 hivi. Wewe unaitia yakiwa vuguvugu, halafu unayapandisha moto polepole. Umekipa nafasi yote kinayoitaka. Siku ukichelewa kidogo ukaitia maziwa yanatokota, kimeng'enya kinakufa palepale na unaona mambo yamenyooka. Wapo wanaotumia hila hiyohiyo makusudi, wanagandisha maziwa kwa maji ya tangawizi wale kwa kijiko.

Dawa yake: chemsha tangawizi kwanza kwenye maji robo kikombe, itokote kwelikweli dakika 5, ndipo maziwa yafuate. Ya unga kwa kawaida haina tabu hiyo, ila harufu yake ni nyingine kabisa.

JikoLaUsiku

Naunga mkono, lakini maziwa nayo yahojiwe. Yakikaa huanza uchachu ambao ulimi bado hausikii, moto ndio unaoufichua. Kabla hujaitupia lawama tangawizi, chemsha maziwa kidogo peke yake bila kiungo chochote. Yakikatika, kesi imeisha. Asali na sukari guru nazo zina asidi yake, usizitie sufuria ikiwa jikoni. Ipua kwanza.

Bi_Iliki

Mwanangu, la kukatika wenzangu wamelimaliza. Mimi nina neno na hilo vumbi.

Manjano ya unga ni mzizi uliokaushwa ukasagwa, umejaa wanga, na kile kinachoyapa rangi hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta. Ukiyamwaga juu ya maziwa yanaelea na kujifunga vidonge, na ndani ya kila kidonge kuna unga mkavu ambao haujaiva. Utakoroga mpaka mkono ukuume.

Anza na mafuta. Samli nusu kijiko cha chai, moto mdogo. Tia manjano nusu kijiko cha chai, maana kijiko kizima kwa kikombe kimoja ni kingi na uchungu mwingine unatoka hapo. Pamoja nayo tia iliki mbili ulizoziponda, kijiti cha mdalasini, na pilipili manga punje tatu au nne zilizotwangwa. Geuzageuza nusu dakika tu. Pua ndiyo itakayokuambia: harufu ya udongo inaondoka, inakuja harufu ya kitu cha kuliwa. Yakianza kuwa ya kahawia, mwaga uanze upya, kwa sababu manjano yaliyoungua hakuna asali ya kuyaficha.

Hapo mimina yale maji ya tangawizi aliyokuelekeza MwikoMrefu, yatokote kidogo, kisha maziwa. Yakitaka kupanda, punguza moto, uyaache yakicheka taratibu dakika 5 hadi 7 huku unapitisha mwiko chini yasishike. Ipua, funika kidogo viungo vitulie, chuja kwa chujio la chai. Asali mwisho kabisa, ndani ya kikombe.

Mdalasini wa unga achana nao kwenye kinywaji hiki. Ukipata maji ya moto unavuta utelezi, na sehemu kubwa ya tope lako imetoka huko. Karafuu moja ukipenda, ya pili itayameza mengine yote. Kungumanga kwaruza juujuu mwishoni, kidogo mno.

SufuriaNyeusi

Asante sana mama. Kama samli haipo? Na hapa kuna mtu tumbo lake halielewani na maziwa ya ng'ombe.

Bi_Iliki

Siagi inafaa, mafuta ya nazi yanafaa. Maziwa ambayo hayajaondolewa mafuta yanaweza kujitosheleza, ila usiyafupishie muda jikoni. Kwa huyo wa tumbo, tumia tui la nazi jepesi, lina mafuta yake tayari. Usiliache litokote kwa nguvu, litajitenga. Maziwa ya lozi yanakubali pia lakini ni mepesi, hapo samli au mafuta ya nazi usiyaruke.

NguvuAsilia

Mnazungumza mapishi mnasahau tiba! Pilipili manga inaongeza nguvu ya manjano kwa asilimia 2000. Hiyo ni sayansi. Maumivu ya viungo, sukari, uvimbe, vyote kwisha. Mama mkwe anywe vikombe vitatu kwa siku, hizo dawa ataziacha mwenyewe.

MfamasiaWaZamu

Hapana, hapana. SufuriaNyeusi, hili la mama mkwe lisome polepole.

Dawa za kuzuia damu kuganda si za kuchezewa. Kama anatumia warfarini, dozi yake imepangwa kwa kufuata vipimo vya damu. Manjano kwa wingi yanaweza kuongeza nguvu ya dawa hiyo, na wapo wagonjwa walioripotiwa vipimo vyao kuharibika baada ya kuanza kutumia manjano ya vidonge. Piperini, ile inayoifanya pilipili manga iwashe, nayo hupunguza kasi ya mwili kuvunja baadhi ya dawa. Manjano ya kuunga mchuzi hayana neno. Kikombe cha kila usiku ni tabia mpya, amwambie daktari wake kabla hajaianza. Na dawa asiache hata siku moja kwa sababu ya kinywaji. Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo, aliyewahi kupata mawe ya figo, au anayemeza vidonge vya madini ya chuma, naye aulize kwanza.

NguvuAsilia, hiyo asilimia 2000 ipo, hujaitunga. Inatoka kwenye utafiti wa mwaka 1998 uliofanyika India. Ila watu walipewa gramu 2 za kurkumini, ile inayoyapa manjano rangi yake, iliyokamuliwa kutoka kwenye mzizi, pamoja na miligramu 20 za piperini, na kilichopanda ni kiasi cha kurkumini kilichoonekana kwenye damu. Bila pilipili, kiasi hicho kilikuwa kidogo mno, kwa hiyo hata kikizidishwa mara 20 bado si kikubwa. Tena hawakupimwa kama wamepona ugonjwa wowote. Sasa njoo kwenye kikombe chetu: nusu kijiko cha chai cha manjano ni gramu 1.5 hivi, na kurkumini ndani yake ni kama asilimia 3. Hiyo ni miligramu 45. Kuzifikia gramu 2 utakunywa vikombe zaidi ya 40. Pilipili tia, inanoga, lakini usimwandikie mtu dozi.

NguvuAsilia

Sawa daktari, ila wazee wetu walitumia na waliishi miaka mingi.

MfamasiaWaZamu

Mfamasia, si daktari. Na hao wazee hawakuwa wanameza warfarini.

MamaWaWawili

Mmemsahau mtoto. Miezi 9 bado, dada. Asali hapewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata iliyopikwa, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na kuchemsha kwetu kwa jikoni hakuziui. Maziwa ya ng'ombe kuwa kinywaji chake nayo yangoje afikishe miezi 12. Manjano kidogo kwenye chakula chake hayana shida. Akinyoosha mkono mpe kikombe kitupu achezee, wangu alikuwa anaridhika kabisa.

ChujioLaZamani

Naongeza moja ambalo halijaguswa: ubora wa manjano yenyewe. Unga wenye njano ya kung'aa kupita kiasi usikupumbaze. Kuna kemikali ya rangi yenye madini ya risasi ambayo wafanyabiashara wasio waaminifu huitumia. Bangladesh mwaka 2019 watafiti waliianika hadharani, serikali ikaingia masokoni, na hali ikabadilika sana. Wengi hudhani kununua mizizi mikavu na kujisagia kunamaliza tatizo, kumbe kule ilikuwa mizizi yenyewe inayong'arishwa kwa rangi hiyo. Ukipata manjano mabichi, hayo ni vigumu kuyachezea. Menya, kwaruza, tumia kijiko kikubwa kimoja mahali pa kijiko cha chai cha unga. Kwa kikombe kimoja basi nusu ya hapo. Yachemshe pamoja na tangawizi, na tope litapungua sana kwa sababu unachuja vipande badala ya unga.

SufuriaNyeusi

Nimeelewa, mabichi nitayatafuta. Je, naweza kuandaa mengi nikaweka? Kila usiku kukaanga na kuchuja, usingizi utanipita.

JikoLaUsiku

Usiandae maziwa, andaa rojo. Manjano ya unga sehemu moja, maji sehemu mbili, chemsha moto mdogo ukikoroga mpaka iwe nzito, dakika 7 hadi 10. Tia pilipili manga na mafuta ya nazi kidogo mwishoni. Ikipoa weka kwenye chupa safi ya kioo, kwenye friji, na uimalize ndani ya wiki moja. Usiku unachota kijiko cha chai unakorogea kwenye maziwa yanayochemka. Haifikii ile ya Bi_Iliki, nasema ukweli, lakini saa nne usiku nani anakagua?

Bi_Iliki

Mimi nakagua. Lakini sawa, tia iliki basi.

SufuriaNyeusi

Haya. Swali dogo la mwisho kabla mods hawajafunga: nguo ya meza imepata doa, nikapaka sabuni likawa jekundu. Nimeiharibu?

MwikoMrefu

Hujaiharibu. Manjano yakikutana na sabuni yenye magadi hugeuka mekundu, yakisuuzwa vizuri yanarudi njano. Ifue, kisha ianike juani ikiwa bado mbichi, rangi hii haivumilii mwanga wa jua. Doa litafifia lenyewe, kama halijaisha rudia kesho. Ila kama unakorogea mwiko wa plastiki, huo usihangaike nao.