Mbona batu ya Kibati na Kibumba, pembeni ya Goma, banasema parke ya Virunga ibakie yenye kufungwa?

Kijana_wa_Majengo
Bandugu na bamama, mujambo. Niko na swali inanisumbua. Mimi nilikuwa natumika porteri kule Kibati, tulikuwa tunabebea baturisti mizigo mupaka juu ku Nyiragongo, banalala kule banaangalia moto ya volkano, asubui tunashuka nabo. Muturisti alikuwa analipa parke dola 300 juu ya kupanda, sisi baporteri yetu ilikuwa kidogo lakini njo ilikuwa inalipa minervali ya batoto na franga ya nyumba. Sasa tangu baasi ya M23 bakamate Goma mwezi wa kwanza 2025 mimi sijabeba tena hata sako moja.

Juzi tuko ku kilio kule Kibati, bavijana bakaanza kusema parke ibakie tu vile, bazungu basirudie, juu bakikuya bunduki nayo inakuya nyuma yabo, na muzungu akikamatwa ni kijiji njo inatafutwa kesho yake. Nilikasirika sana juu ile kazi njo ilinikomalisha, lakini kati yabo kulikuwa bazee, batu benye akili, hata mumoja alikuwa porteri kama mimi. Ile hasira inatoka wapi kabisa? Na kama siku barabara ya Rutshuru inatulia, tufanye nini ili mutu ya kijiji asimuone mugeni sawa adui?

Mama_wa_Kibumba
Mutoto wangu, hasira inatoka ku bulongo, usitafute fasi ingine. Ile parke Babelgiji njo baliiweka 1925, baliita jina ya mfalme wabo Albert, na bababu zetu hakuna mutu aliwauliza. Mupaka leo mupaka ya parke yenyewe tunaigombania, wewe unasema shamba ni ya baba yako, bagadi banasema umeingia mu parke, unakamatwa na jembe mukononi. Muturisti yeye anapita pale pale na gari, amelipa, banamusalimia. Mwenye kuona vile kila siku atapendaje?

Na tulipokimbia vita tukafika ku kambi ya Kanyaruchinya, tulipikia nini? Kuni ilikuwa mu parke tu. Bamama na babinti balienda kutafuta kuni bakakutana na batu ya bunduki mule mu pori, wengine balirudi benye kubakwa, wengine habakurudi. Juu yabo hakuna helikopta ilikuya.

Mwaka 2018 mwezi wa tano balikamata Baingereza mbili, kisha siku mbili bakaachiliwa, radio zote zilisema, parke ikafunga turizmi mupaka 2019. Kwetu mutu akikamatwa ku barabara banapiga simu banalomba franga, familia inauzisha mbuzi, inauzisha parseli, na kama franga haitoshi unaenda kuokota mwili. Mimi sichukie Baingereza, nilifurahi bakiokoka. Lakini batoto yetu nao beko batu.

Mutoto_ya_Gadi
Mama, shikamoo, na pole sana. Ya kuni na ya bulongo sina neno ya kukukatalia. Lakini ile siku ya 2018 hawakukamata tu bazungu, baliua gadi wao, Rachel Masika Baraka, binti ya miaka 25, alikuwa anawalinda. Mama, naye ni mutoto yetu. Nani mu kijiji alimulilia?

Baba yangu mudogo ni gadi, tunalala na simu pembeni ya kichwa. Tarehe 24 mwezi wa ine 2020 karibu ya Rumangabo, makao ya parke, baliua bagadi 12 siku moja, pamoja na shofere na baraia ine. Tangu parke ianze bagadi benye kuuawa banapita 200, na ni batoto ya Rutshuru, ya Masisi, ya Beni, hapana batu ya Ulaya. Kule Rumangabo bajane yabo iko atelie ya kushona, mukienda mutabaona.

Angalia tena 2021, mwezi wa pili, pale pale Kibumba kwenu. Ambasaderi ya Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na mulinzi wake, na shofere wabo naye aliuawa, Mukongomani, Mustapha Milambo. Jina ya ambasaderi kila mutu analijua. Ya Mustapha uliza hapa mu Goma uone ni bangapi banaikumbuka. Pembeni ya kila mugeni mwenye kuuawa kuko mutu ya kwetu, njo maana ninaumia nikisikia "bazungu basirudie", sababu sisi njo tunazika.

Gran_Birere
Leki Mutoto ya Gadi umesema vizuri. Mimi ninauzisha makala ya kupikia, niseme ile siri yenye kila mutu anajua. Bunduki haikui nyuma ya muturisti. Iko mule mu pori tangu 1994, na chakula yake kubwa ni makala. Wakata miti banalipa benye bunduki, mwenye kubeba analipa bariere, mwenye kuuzisha nayeye ameshaongeza bei, na Goma nzima inapikia pale. 2007 baliua gorila za familia ya Rugendo, na bachunguzi balisema mukono ya biashara ya makala ilikuwa mule. Gorila alikuwa anawasumbua benye makala juu akikuwako, bagadi banakuwako.

Na hii bunduki ya mu mji, ile ya busiku Ndosho na Katoyi, muturisti aliileta wapi? Wakati Goma ilianguka basoda baliacha silaha mu barabara, gereza ya Munzenze ikafunguka, bafungwa bakatoka. Tangu pale mutu akigonga kwako saa nane ya busiku unazima hata taa.

Kitu ingine inaniuma. Gorila ya kule Rwanda na yetu ni mulima moja, kwao kuona ni dola 1500 tangu 2017, kwetu ilikuwa 400, na mugeni alikuwa analala Gisenyi, ngambo ya Rwanda, anakula Gisenyi, anavuka asubui anaona gorila anarudi. Nikisikia kijana ya Kibati anasema turizmi haikumusaidia, siwezi kumupinga.

Mama_wa_Kibumba
Mutoto ya Gadi, pole ya baba yako mudogo, Mungu amulinde. Ya Rachel umenigusa, sikatai.

Porteri, nikujibu sasa. Kabla ya muturisti wa kwanza kurudi, chifu na bazee na parke batembee mu mupaka pamoja, na miguu, jiwe kwa jiwe, mbele ya batu, hapana mu salo ya hoteli. Kazi ya kubeba na ya kupika ipewe batoto ya Kibati kabla ya ile ya batu ya mu mji. Umeme ya santrale ya Matebe inapita juu ya vichwa yetu inaenda Goma, itelemuke na ku vijiji, bamama bapunguze kuni. Na gadi akiuawa, chifu aende ku kilio na kijiji yote.

Kijana_wa_Majengo
Mama, aksanti sana. Siku ya mungu niko napanda Kibati tena, nitaanza na yule muzee mwenye alikuwa porteri. Gran, ya makala nayo nitaisema, hata kama batakasirika.