Walimu wa fizikia, tupeane uzoefu: mada ya mwendo mliwaeleweshaje wanafunzi?

Wakuu, kila mwaka nikifika mada ya mwendo hali ni ile ile. Wanafunzi wanakariri milinganyo, wanaingiza tarakimu, jibu linatoka sahihi. Kisha narusha mpira juu na kuuliza: ukifika kileleni, kabla haujaanza kushuka, mchapuko wake, yaani kiasi kasi inavyobadilika kila sekunde, ni kiasi gani? Karibu darasa zima hujibu sifuri.

Kuna mwaka nilibishana nao kipindi kizima, sikufua dafu. Mwaka uliofuata sikueleza, niliuliza tu: kama kasi ni sifuri na haibadiliki, nini kitaushusha mpira? Kimya. Binti mmoja nyuma akasema, "Basi utaning'inia hukohuko." Hapo ndipo somo lilipoanza. Tukaandika ubaoni: umerushwa kwa mita 19.6 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 umebaki na 9.8, baada ya 2 ni sifuri, baada ya 3 ni hasi 9.8, yaani sasa unashuka. Kila sekunde inatoka 9.8 ile ile, kileleni haisimami. Nanyi je?

—

Mimi niliwatoa uwanjani. Kijana akakimbia mzunguko mzima wa mita 400 kwa sekunde 80. Mwendokasi wa wastani, mita 5 kwa sekunde. Kasi ya wastani, ile inayohesabu pia mwelekeo? Sifuri, kwa kuwa ameishia alipoanzia. Akahema, "Mwalimu, jasho lote hili?" Tangu siku hiyo hakuna aliyechanganya umbali na mahali ulipofikia.

—

Wangu walikwama kwenye grafu ya mahali dhidi ya wakati. Waliona mstari unapanda wakadhani ni mlima. Nikachora mstari sakafuni, nikampa kila mmoja grafu aitembee: mstari wa grafu ukilala, simama, ukiwa mkali, harakisha, ukishuka, rudi nyuma. Vipindi viwili vilikwisha hapo, sijutii hata dakika moja.

—

Mkuu mwanzisha mada, kwenye ile hasi ndipo walipo wangu. Wanaamini mchapuko hasi maana yake ni kupunguza mwendo. Lakini mpira wako ukishuka una mchapuko hasi 9.8 na bado unazidi kwenda mbio. Alama inataja mwelekeo tu. Waulize uone.

—

Asante mwalimu, hilo sikuwahi kuwauliza. Jumatatu narudi na mpira.