Urembo wa waigizaji wa zamani na mastaa wa leo: tupeane uzoefu

Mzee wa Vuga
Wakuu, salaam. Jana usiku televisheni imerudia Mughal-e-Azam, filamu ya Kihindi ya 1960. Imefika pale Anarkali anacheza mbele ya mfalme kwenye ukumbi wa vioo, Madhubala aliyemwigiza kajaa kwenye kila kioo cha darini, hata chai nimeisahau mkononi. Binti yangu kainua uso kutoka kwenye simu, kaangalia kidogo, kasema: "Wa kawaida tu, baba. Hana hata shepu." Sikulala vizuri. Naomba wale mliokaa kwenye sinema za Unguja, Majestic na Empire, na kule Malindi Sultana kabla haijaitwa Cine Afrique, mje hapa. Nani alikutia wazimu enzi hizo? Na hawa wa leo wa Instagram mnawaonaje?

Kipusa wa Kibokoni
Umenitonesha, mzee wangu. Mamangu alikuwa mtu wa Nargis. Kulikuwa na onyesho la wanawake watupu, mchana, unaona mabuibui yanaingia kama jeshi. Mother India ya 1957 aliirudia mpaka babangu akauliza kama huko sinema kuna darasa. Na pale Nargis hana urembo wowote wa dukani, kapakwa matope, analima kwa mabega yake, kisha kavikwa mvi na hajafika miaka thelathini. Nitajieni staa mmoja wa leo atakayekubali kupigwa picha na matope usoni.

Dogo Filta
Wazee, shikamooni. Tuambiane ukweli lakini. Rita Hayworth jina lake lilikuwa Margarita Cansino. Studio ikamng'oa nywele za mbele kwa umeme, moja moja, ili paji lipande juu, na zilizobaki zikabadilishwa rangi. Marilyn Monroe alitengenezewa kidevu. Marlene Dietrich alijua taa ikae wapi kumzidi mshika kamera. Hizo zote ni filta, ila ya kwao ilikuwa na wafanyakazi wenye mishahara.

Mzee wa Vuga
Marahaba. Hao ni Wazungu. Mimi nimesema Madhubala.

Dogo Filta
Haya, tuje Bombay. Rekha alipoanza filamu za Kihindi 1970, magazeti ya huko yalimcheka: mweusi, mnene, hajui kuvaa. Huyo mnayemlilia ni wa Umrao Jaan, 1981. Hapo katikati alifanya kazi ya kujitengeneza miaka kumi. Angekuwa wa leo mngesema feki.

Pwani Tulivu
Dogo ana hoja.

Mama Sharifa
Mada imenipeleka Ng'ambo kwa shangazi yangu. Mnamkumbuka Sadhana wa Love in Simla? Alikuwa na paji pana, mwongozaji wake akamkatia nywele za mbele zikaning'inia juu ya nyusi, kwa kumwiga Audrey Hepburn. Ikawa ndiyo habari ya mjini. Shangazi naye akazikata zake kwa mkasi wa cherehani. Sasa nywele zetu hizi hazining'inii, zinasimama. Akatia chanuo la moto kwenye jiko la mkaa, akalivuta kwenye paji bila kulipoza. Harufu ile siisahau. Alama anayo mpaka leo, na picha aliyopiga studio wiki hiyo anayo pia, kaiweka sebuleni. Ukimwuliza anakwambia alipendeza. Na kusema kweli alipendeza.

Ngamiani Mkongwe
Ngojeni nieleze yangu, maana kuna watu humu wanadhani urembo wa sinema ni mchezo. Miaka ya sabini mwishoni nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Tukishalipwa tu, basi la kwanza la kwenda Tanga mjini, Majestic au Novelty, popote palipo na Zeenat Aman. Nje kulikuwa na kijana anauza picha za waigizaji, ndogo ndogo za kuingia kwenye pochi. Nikanunua ya Zeenat, anacheka, nywele zimemwagika begani. Nikaitia nyuma ya kitambulisho cha kazi.

Nikaoa. Mke wangu katokea juu kabisa huko Usambara, sinema hajawahi kuingia. Siku hiyo anataka kufua suruali yangu, katoa pochi, kaiona. Hakunipigia kelele. Nimetoka kazini nakuta sanduku lake halipo, mtoto hayupo, jiko limezimwa kwa maji. Haikupita wiki nikaitwa kwa wakwe.

Wakuu, nimewahi kufukuzwa na nyuki shambani, lakini kukaa mkekani mbele ya wazee wa Kisambaa ukiulizwa "huyu Mwarabu umempangishia nyumba wapi" ni habari nyingine. Nasema ni mwigizaji, anakaa Bombay. Mjomba wa mke akasema: "Kumbe umefika mpaka Bombay." Nasema hanijui kabisa. "Hakujui na kakupa picha?" Nasema nimeinunua. "Unanunua wanawake?" Kila nikijitetea kesi inanenepa. Shangazi mtu akaanza kutaja talaka. Nyuma ya mlango namsikia mke wangu analia kwikwi, na mtoto naye kadakia. Jasho lilinitoka mpaka nikaona haya kuinuka, kanzu imeganda mgongoni.

Ndipo baba mkwe, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaomba aione hiyo picha. Mzee yule alikuwa dereva wa lori, kazi yake kupeleka marobota ya mkonge bandarini Tanga. Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu kuliko kesi ilivyohitaji. Kisha taratibu: "Huyu ni Zeenat. Wa Hare Rama Hare Krishna."

Kikao kikanyamaza. Mama mkwe akamgeukia: "Na wewe umemjulia wapi?"

Kipusa wa Kibokoni
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂😂😂

Dogo Filta
Mzee, usituache hapo. Ikawaje?

Ngamiani Mkongwe
Mke nikakabidhiwa jioni ile ile. Baba mkwe ndiye aliyebaki na kesi. Picha sikurudishiwa.

Pwani Tulivu
Hakuirudisha??

Ngamiani Mkongwe
Nani angemwomba?

Mama Sharifa
Mkeo alikuwa sawa lakini. Picha ya mwanamke kwenye pochi ya mume wa mtu, awe Zeenat awe nani.

Fundi Saa
Dada Mama Sharifa, na wanawake waliotia Amitabh Bachchan kwenye albamu za harusi tuwaseme?

Mama Sharifa
Amitabh ni kaka yetu.

Mweusi Asilia
Samahani kuwaharibia kicheko. Mada nzima hii inasifia weupe na nywele za singa. Dorothy Dandridge mnamjua? Carmen Jones, 1954, mwanamke mweusi wa kwanza kushindania Oscar ya mwigizaji mkuu wa kike. Miriam Makeba kaonekana kwenye Come Back, Africa ya 1959 na nywele zake fupi kama alivyoumbwa. Hao hamkuuziwa picha nje ya sinema. Matokeo yake mnayajua: mkorogo. Dada yangu mkubwa alijipaka ili afanane na hao wa kwenye pochi zenu. Leo akisimama jikoni karibu na moto ngozi inamwasha.

Fundi Saa
Usilete siasa kwenye burudani, mkuu.

Mweusi Asilia
Zebaki ya kwenye mkorogo ni siasa?

Mtu wa Nakuru
Mweusi Asilia ako sawa. Na ndiyo maana mimi nasema leo ni afadhali. Lupita wetu 2014 kachukua Oscar, na mwaka huo huo jarida la People likamtaja mrembo wa kwanza duniani, na rangi yake, na nywele zake fupi. Enzi za wazee hawa angepewa kazi ya kufungua mlango.

Mtoto wa Kariakoo
Wakenya mmefika. Sisi tuna Wema Sepetu, Miss Tanzania 2006, hajahitaji jarida la Marekani kumthibitisha.

Mtu wa Nakuru
Sijamgusa Wema, ndugu. Kunywa maji.

Mzee wa Vuga
Turudi kwenye mada. Mnajua Madhubala alizaliwa na tundu la moyo? Ile minyororo anayovishwa gerezani kwenye filamu ilikuwa chuma cha kweli, na yeye ni mgonjwa. Amefariki Februari 1969, miaka 36. Nikimwangalia naona uso unaojua jambo. Mastaa wa leo nyuso zao hazijui kitu, zimevutwa, zimejazwa, ukiwapanga kumi unasema mapacha.

Mama Sharifa
Mzee, kwa heshima zote. Kumfunga mgonjwa minyororo ndiko kumempa urembo? Hao wa leo angalau wanaweza kusema nimechoka, sipigi picha.

Mzee wa Vuga
Sikusema hivyo mwanangu.

Mama Sharifa
Umekaribia.

Fundi Saa
Swali la pembeni: Aishwarya Rai tumweke upande gani? Miss World 1994. Kwangu ni wa juzi, mwanangu anamwita wa zamani.

Dogo Filta
Zamani 🙈

Fundi Saa
Ondoka humu.

Bibi Arusi Mtarajiwa
Jamani mimi nina harusi mwezi ujao na nimeona picha za Rekha kwenye Umrao Jaan. Nataka macho yale. Nifanyeje? Naogopa kope za kubandika.

Kipusa wa Kibokoni
Wanja wa manga, mwanangu, chini na juu, kisha ufumbe macho kidogo usiyapanguse. Bibi zetu hawakujua kope za plastiki.

Daktari Mstaafu
Wanja wa kienyeji una madini ya risasi mara nyingi, hasa ule mweusi wa kung'aa. Siushauri, na watoto wachanga ndiyo kabisa msiwapake.

Kipusa wa Kibokoni
Daktari, mimi nimepakwa tangu arubaini yangu na nakusoma bila miwani.

Mtoto wa Kariakoo
Bandika kope, lipa mpambaji mzuri, maisha mafupi.

Ngamiani Mkongwe
Lala mapema wiki nzima kabla ya harusi. Na mkague pochi bwana harusi.

Pwani Tulivu
😂 Usimtie mtoto wa watu wasiwasi.

Fundi Saa
Huku mkigombana mimi namkumbuka Hema Malini kwenye Seeta aur Geeta, 1972. Yeye mwenyewe pacha wawili, mmoja mpole mmoja ana mjeledi. Niliiona Mombasa, Regal, siti za mbele, shingo ikanikaza.

Kipusa wa Kibokoni
Regal? Ile ilikuwa Naaz.

Fundi Saa
Regal, dada yangu. Nilikuwa na binamu yangu.

Kipusa wa Kibokoni
Binamu yako ndiye niliyekaa naye Naaz.