Lugha mpya ya programu kwa Kiswahili: kipi kitangulie?

Hoja: Vijana wa hapa Tanga wanatengeneza lugha ya programu yenye maneno yetu: kama, sivyo, rudia. Wameanza na jeneriki (kodi moja kutumika kwa aina nyingi za data) na kuendesha kazi nyingi kwa pamoja. Ujumbe wa makosa na aina za namba baadaye. Wako sawa?

Mdau wa Chumbageni: Hawako sawa. Jeneriki inasubirika. Lugha ya Go ilitangazwa 2009, ikaipata Machi 2022, na katikati hapo Docker na Kubernetes, zana maarufu za kuendesha programu kwenye seva, ziliandikwa kwa lugha hiyohiyo. Ujumbe wa makosa ndio hausubiri. Kila neno linalosomwa kwenye faili libebe namba ya mstari wake tangu mwanzo. Mkiitupa, mtakuja kufumua kompaila nzima, yaani programu inayotafsiri kodi kwa mashine. Mwanafunzi kasahau kufunga mabano ya mstari wa 31. Kompaila inasoma hadi mwisho wa faili, kisha: "Kosa, mstari wa 212." Huko hakuna kosa lolote, atatafuta mpaka achoke! Tunzeni orodha ya mabano yaliyo wazi, kila moja na mstari wake. Faili likiisha, semeni: "Mabano ya mstari wa 31 hayajafungwa."

Ngamiani: Shehe, hapo nakupinga. Ujumbe ukirekebishwa, programu ya mtu haiharibiki. Namba je? Namba nzima ya biti 32 yenye alama (chanya au hasi) inaishia 2,147,483,647. Chama cha ushirika kikijumlisha mauzo ya mkonge ya shilingi bilioni 2.2, katika lugha nyingi jibu linageuka hasi, kimyakimya. Anzeni na biti 64, na desimali kamili kwa fedha, maana namba za nukta za kawaida zinakupa 0.1 + 0.2 = 0.30000000000000004.

Pongwe: Na maktaba, kodi iliyo tayari kutumiwa? Lugha isiyosoma hata faili la jedwali la CSV nani ataigusa?

Mdau wa Chumbageni: Maktaba inaongezwa wakati wowote, ndugu yangu. Kwa namba, Ngamiani kasema kweli. Tazama lugha ya Python: toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, programu za zamani zikavunjika. 3/2 iliyokuwa 1 ikawa 1.5, maandishi nayo yakabadilika. Python 2 ikaja kuachwa rasmi Januari 2020.

Sahare: Basi kwa kipimo hichohicho, cha kutanguliza kisichobadilika baadaye bila kuharibu programu za watu, vijana wamepatia nusu. Python ilijengwa juu ya kufuli moja linaloruhusu uzi mmoja tu (mkondo mmoja wa kazi) kwa wakati, na toleo lisilo na kufuli lilitoka kama jaribio Oktoba 2024, kwenye 3.13. Jeneriki waiweke kando. Lakini kama nyuzi mbili zitaruhusiwa kubadilisha kigeu kimoja (jina linalobeba thamani) au zitatumiana ujumbe tu, hilo waliamue kabla mtu wa nje hajaandika mstari wa kwanza.