Tupeane uzoefu: Mkristo aliyekomaa anapomwacha Kristo akijua anachokiacha

Mwanzisha mada, Moshi mjini
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwalimu wangu wa kipaimara kule Old Moshi, mzee wa kanisa tangu sijazaliwa, ameacha imani. Si pombe, si mwanamke. Jumapili ya mavuno alibaki kihambani anapalilia migomba, nikamfuata. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, Waebrania sura ya sita, lile onyo kwa wanaoiacha imani, nimewafundisha mimi mwenyewe. Najua ninachokikataa."

Nilishuka hadi barabarani miguu inatetemeka. Mlevi najua la kumwambia. Huyu nimwambie nini, na kila mstari nilionao nimeupata kwake? Aliyepitia, mwenyewe au kwa ndugu yake, atueleze ilianzaje.

Mama wa Ngaramtoni
Pole sana kaka. Kwetu ni mdogo wangu. Alikuwa mwalimu wa kwaya na mwombaji wa usiku. Akaenda Mererani kwenye machimbo ya tanzanite, miaka tisa shimoni, kila Desemba anarudi kwa nauli ya kukopa. Mwaka wa kumi akaenda kwa mganga pamoja na wenzake. Kilichoniuma zaidi ni siku aliponiletea Biblia yake kwenye mfuko wa rambo: "Dada, nitunzie. Nikikaa nayo nitarudi, na sitaki kurudi." Iko kabatini hadi leo. Akipiga simu huuliza kama ipo.

Niliyerudi, Majengo
Mimi nilikuwa nje miaka sita. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi, nikauliza fedha ziliko, nikaitwa mchochezi. Nilikuwa na haki, na shetani alinipatia hapo hapo kwenye haki yangu. Nikaacha jumuiya. Kisha ibadani nikawa naingia mahubiri yameshaanza, natoka kabla ya sadaka. Sala ya asubuhi niliiacha siku moja, nikaona hakuna kilichotokea. Mwaka wa pili, peke yangu garini nikitoka Himo, nikasema kwa sauti, "Simwamini tena." Hakuna aliyenisukuma.

Hatari ya aliyekomaa ni kwamba majibu yote anayo. Wazee walipokuja niliwamalizia mistari kabla hawajafungua Biblia. Wakaacha kuja. Mama mmoja wa jumuiya, hata kusoma anasoma kwa shida, aliniletea ndizi kila Alhamisi, akauliza hali ya watoto, akaondoka. Miaka minne! Siku ya kurudi kundini nilishindwa kutamka neno mbele ya usharika, akaja akasimama kando yangu. Zile fedha hazijaelezwa mpaka leo.

Mwinjilisti, Usa River
Wapendwa, Waebrania 6 na 10 tuzisome tukikumbuka walioandikiwa. Walikuwa watu waliowahi kunyang'anywa mali wakafurahi, waliostahili kuwa walimu tayari. Onyo lile ni kali kwa sababu aliyeonja akatema kusudi, hana kipya cha kuonjeshwa. Lakini tusimfungie mtu mlango. Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi wa Karthago, Afrika Kaskazini, walitii, wengine wakanunua hati tu. Kasisi Novatian wa Roma akakataa wasipokelewe tena. Askofu Cyprian wa Karthago akawapokea, baada ya toba ndefu, naye akakatwa kichwa kwa imani mwaka 258. Wale wengi walianguka kwa hofu. Mzee wako, kaka, hana hofu, na upole wake ndio unaonitisha.

Kijana wa Sakina
Mimi niko pale pa kuingia mahubiri yameanza na kutoka kabla ya sadaka. Nimesoma hii nikaketi. Mniombee.

Mwanzisha mada
Tunakuombea mdogo wangu, usiache kuja hapa. Mama wa Ngaramtoni, hiyo Biblia usiihamishe.

Mstari wa kumpelekea mzee bado sina. Alhamisi nitapanda kwake na maziwa. Siku ile palizi ilikuwa haijafika nusu, nitabeba na jembe.