Kunde, marejea au fiwi kufunika matuta ya nyumbani?

Mama Mikindani
Wakuu habarini. Nina kabustani nyuma ya nyumba, matuta manne tu, na mchanga wetu huu mnaujua, samadi ukiweka mvua mbili tatu imeshazama. Nataka masika hii matuta yafunikwe na kitu cha kurudisha rutuba, mvua ikikata mwezi wa 5 nipande nyanya na bamia. Kipi kinafaa?

Kijana wa Ng'apa
Kunde dada. Zinatambaa chap, mwezi na kidogo ardhi huioni, na majani mnachuma mboga. Ukimaliza using'oe, kata shina mizizi ibaki chini.

Ndanda Shambani
Kaka hapo sikubaliani, ameshasema nyanya na bamia zinafuata!! Kunde nyingi zinashikwa na minyoo fundo, vile vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, na kwenye mchanga ndo wanastawi, yani unawalisha masika nzima halafu unawapelekea nyanya. Marejea, ule mmea wa mbolea ya kijani, inawapunguza, wakiingia kwenye mizizi yake hawazaliani vizuri, na inapanda juu haraka magugu yanakosa jua. Ikianza tu kutoa maua ya njano kata, ilaze hapohapo au ifukie, subiri wiki mbili tatu ndo uhamishe miche. Ukichelewa shina linakomaa, kuoza inakuwa shida. Na mbegu zake kuku na mbuzi wasile, zina sumu.

Mama Mikindani
Nitajuaje kama hao minyoo ninao?

Ndanda Shambani
Ng'oa bamia lililozeeka uoshe mizizi. Ikiwa imevimba kama tangawizi ndo wao. Ila kwenye kunde usichanganye na vile vinundu vya naitrojeni vinavyorudisha rutuba, vyenyewe vinabanduka kwa kucha na ukipasua ndani vina wekundu, hivyo ni vizuri kabisa.

Bi Mkubwa Masasi
Wanangu fiwi, ile jamii ya maharage, msiisahau, mvua ikishakata yenyewe bado kijani. Ila inatambaa mno, kwa matuta manne itawafikia hadi mlangoni, iwekeni kwenye wigo pamoja na mbaazi, majani yakidondoka mnayazoa mnatandaza.

Mama Mikindani
Shikamoo Bi Mkubwa, asante. Basi marejea matuta matatu ya nyanya na bamia, kunde lile moja nitakaloweka mahindi. Mbegu ya marejea nani anayo?

Ndanda Shambani
Ninayo dada, njoo inbox. Ni ndogondogo, kikombe kimoja kwa matuta matatu kinabaki.