Tokeni za shaba za Uingereza: zilikuwa fedha au matangazo?

Mwalimu wa Historia, Iringa
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaandaa somo la mapinduzi ya viwanda, na nimekuta kwamba kuanzia mwaka 1787 makampuni na wenye maduka wa Uingereza walitoa sarafu zao wenyewe za shaba, zilizoitwa tokeni, ilhali mfalme alikuwa na kiwanda chake cha sarafu. Kwa nini kibarua akubali mshahara wa shaba yenye jina la tajiri wake?

Mkusanya Sarafu, Mbeya
Mwalimu, chanzo kilikuwa uhaba wa chenji. Kiwanda cha mfalme kiliacha kugonga nusu peni za shaba mwaka 1775, wakati viwanda vikizidi kuajiri watu wanaolipwa kwa fedha ndogondogo, na nyingi ya zilizobaki mikononi mwa watu zilikuwa bandia, nyepesi, zisizoaminika. Kampuni ya Parys, iliyochimba shaba kisiwani Anglesey huko Wales, ilitoa peni yake mwaka 1787. Upande mmoja una kichwa cha kuhani wa Kidruidi (dini ya kale ya Waselti) mwenye ndevu, kilichozungukwa na majani ya mwaloni; upande wa pili una herufi za kampuni na ahadi ya kumlipa mwenye nayo peni moja. Ukiisimamisha na kuizungusha, utasoma ukingoni mahali pa kudai: London, Liverpool au Anglesey. Ilikuwa na uzito wa takriban aunzi moja (kama gramu 28), kwa hiyo hata shaba yenyewe ilikuwa na thamani. Kwangu mimi, ule ukingo ndio jibu la swali lako.

Mwenye Duka, Mafinga
Nakubaliana na kaka wa Mbeya, ila tusiyaache matangazo. Mwenye viwanda vya chuma John Wilkinson aliweka sura yake mahali ambapo watu walizoea kuona sura ya mfalme. Lackington, muuza vitabu wa London, aliandika kwenye nusu peni yake kwamba duka lake linauza vitabu kwa bei nafuu kuliko yote duniani. Huku kwetu chenji ikikosekana mteja hupewa pipi, wala hawezi kuirudisha kesho anunulie sukari. Tokeni ilirudi dukani, na aliyeileta alirudi nayo.

Mwalimu wa Historia, Iringa
Ahsanteni sana. Je, zile zisizotaja mahali pa kulipwa?

Mkusanya Sarafu, Mbeya
Hizo zilikuwepo, mwalimu, na hasara ilimwangukia maskini aliyekuwa nazo siku wenye maduka walipozikataa, jambo ambalo wasimuliaji wengi wa habari hizi hulipita haraka mno. Mwaka 1797 serikali ilimpa Matthew Boulton wa Birmingham kazi ya kugonga peni nzito za aunzi moja na peni mbili za aunzi mbili. Hata hivyo tokeni ziliibuka tena kuanzia 1811, chenji ilipoadimika, hadi bunge lilipozipiga marufuku mwaka 1817.